Mafuriko ni ya Nani, na Maji ni ya Nani? Somo kwa Wakazi wa Makindu na Makueni Nzima



Kila msimu wa mvua maswali mawili hufika katika ofisi za wadi na mabaraza ya machifu. La kwanza huulizwa mto ukijaa: "Nani atatukinga na mafuriko haya?" La pili huja miezi mitatu baadaye, mto ukiwa umebaki mchanga mtupu: "Nani amechukua maji yetu?" Wengi huyaona kama maswali mawili tofauti, lakini kwa kweli ni swali moja. Maji yanayobomoa kivuko mwezi Novemba ndiyo yanayojaza mchanga, visima na silanga tunazotegemea mwezi Februari. Anayezuia mafuriko anashika maji, na anayeshika maji anagusa haki ya mwenzake aliye chini ya mto.

Somo hili linaeleza jinsi miradi mikubwa ya serikali ya kitaifa ya kuzuia mafuriko na kuhifadhi maji inavyopaswa kupatana na haki za maji za wakazi, na kazi ya serikali ya kaunti ni ipi hapo katikati. Ukimaliza kulisoma, utaweza kujua kazi ipi ni ya nani, haki yako ya maji inatokana na nini, na ufanye nini kabla mradi haujafika mtoni kwenu.

1. Maji yetu yanatoka wapi, na yanaenda wapi

Jina Makindu linatukumbusha mkindu, mti unaopenda kuota penye maji. Maji hayo hayatoki kwa mvua ya Makindu peke yake. Mvua inayonyesha Milima ya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, kisha hutokeza chini kama chemchemi. Ndiyo maana Makindu, Kiboko na Umani kule Kibwezi kuna maji hata miezi ambayo anga ni kavu. Chemchemi za Mzima, zinazolisha bomba la maji la Mombasa, pia hupata maji yake kutoka Chyulu.

Mito mingine ya kaunti yetu ni ya msimu. Mto Thwake, Kaiti na mingine mingi hujaa kwa saa chache au siku chache, kisha hurudi kuwa njia ya mchanga. Lakini chini ya mchanga huo maji hubaki, na mwananchi huyachota kwa kuchimba kisima kifupi. Kwa mito ya aina hii, mafuriko si adui mtupu. Bila maji mengi kupita, mchanga haujazwi.

Mito yetu mingi huishia Mto Athi. Athi ukiendelea huitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njiani, visima vya Baricho kando ya Sabaki hutoa maji kwa Kilifi, Malindi na Mombasa. Kwa hiyo Makueni tuko katikati ya mto: tuna majirani juu yetu, hadi Nairobi, na tuna majirani chini yetu, hadi pwani. Lolote tunalodai kwa walio juu, walio chini wana haki ya kulidai kwetu.

2. Kazi ya kila serikali

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi hivi:

Serikali ya kitaifa ina jukumu la matumizi ya rasilimali za maji, ulinzi wa maji, kuhakikisha maji ya kutosha yanabaki mitoni, uhandisi wa maji, na usalama wa mabwawa.

Serikali ya kaunti ina jukumu la huduma za maji na usafi, mitaro ya maji ya mvua katika miji na vituo vya biashara, na kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo na maji.

Kukabiliana na majanga ni kazi ya serikali zote mbili.

Sheria ya Maji ya 2016 ndiyo inayofafanua mgawo huu. Inasema kila rasilimali ya maji iko mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi wa Kenya. Hii ina maana kwamba mto si mali ya gavana, ya waziri, wala ya mwenye shamba linalopakana nao. Umewekwa amana.

Mashirika matatu ya kitaifa ni muhimu kuyajua kwa majina:

Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Pia ndiyo inayoweka na kusimamia viwango vya matumizi ya maji na vya kupunguza mafuriko.

Mamlaka ya Kitaifa ya Uvunaji na Uhifadhi wa Maji ndiyo inayojenga mabwawa makubwa ya kitaifa ya kuhifadhi maji na kudhibiti mafuriko.

Shirika la Tanathi ndilo linalojenga miradi mikubwa ya kusambaza maji katika eneo letu la Ukambani, kisha huikabidhi kwa kaunti au kampuni ya maji iendeshwe.

Angalia jambo moja hapa. Anayejenga bwawa na anayetoa kibali cha maji si shirika moja. Sheria ilitenganisha kazi hizi makusudi. Hata serikali yenyewe ikijenga bwawa, inapaswa kuhesabiwa kama mtumiaji mmojawapo wa mto.

3. Haki ya maji inatokana na nini

Wengi huamini kwamba shamba likigusa mto, basi maji ni ya mwenye shamba. Sheria haisemi hivyo. Haki ya kutumia maji hutokana na sheria, na mara nyingi huthibitishwa kwa kibali.

Huhitaji kibali ukichota maji ya matumizi ya nyumbani bila mtambo, mahali unaporuhusiwa kufika. Mama anayechota kwa mtungi au kumpakia punda madumu hana haja ya karatasi. Pia huhitaji kibali kwa maji ya mvua uliyoyakusanya katika tangi au silanga ambayo haiko katika mkondo wa mto.

Unahitaji kibali ukiweka pampu mtoni, ukichimba kisima kirefu, ukichepusha maji kwa mfereji, au ukijenga bwawa katika mkondo wa maji, hata kama mkondo huo hukauka miezi tisa kwa mwaka.

Sheria imeweka utaratibu wa nani atangulie. Matumizi ya nyumbani huja kabla ya matumizi mengine yote. Mamlaka inapopima ombi la kibali hutazama pia watumiaji halali waliopo tayari, na athari ya ombi jipya kwao. Kuna vilevile kiasi kinachoitwa akiba ya mto: maji ambayo ni lazima yabaki kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe. Akiba hiyo haigawiwi mtu.

Sasa fikiria mkulima wa nyanya na bamia kando ya Mto Kiboko. Amepiga pampu miaka kumi na mitano, majirani wote wanamjua, lakini hana kibali. Mradi mkubwa ukija, wahandisi watauliza ofisi ya Mamlaka ni nani wanaotumia mto huo na kwa kiasi gani. Jina lake halimo. Katika hesabu za mradi, maji anayoyatumia yataonekana kama maji ya bure yasiyo na mwenyewe. Hapo ndipo haki ya watu wengi hupotea: haipotei mahakamani, hupotea katika jedwali la hesabu ambalo hawakuandikwa.

4. Tatizo la bwawa moja lenye kazi mbili

Ili tuelewe kwa nini uratibu ni mgumu, tuangalie bwawa linavyofanya kazi.

Bwawa la kuzuia mafuriko hufanya kazi vizuri likiwa tupu. Mafuriko yakija, hupata nafasi ya kuingia, kisha maji huachiliwa polepole. Bwawa la maji ya kunywa, kunyunyizia mashamba au kuzalisha umeme hufanya kazi vizuri likiwa limejaa. Bwawa likipewa kazi zote mbili, lazima mtu aamue kila msimu: tubakishe nafasi kiasi gani kwa mafuriko, na tuhifadhi maji kiasi gani kwa kiangazi?

Mfano uko kwenye Mto Tana. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, linaweza kushika maji takriban mita za ujazo milioni 1,560. Kwa miaka mingi limepunguza makali ya mafuriko. Lakini mvua ikizidi, kama mwaka 2024, mabwawa ya Tana hujaa na kumwaga, na wakazi wa Garissa na Tana River huambiwa wahamie sehemu za juu. Kwa upande mwingine, wakulima na wafugaji wa Tana ya chini walizoea mafuriko madogo ya kila mwaka yanayolowesha malisho na mashamba yao. Bwawa hilohilo linaweza kumletea mtu maji mengi mno mwaka mmoja na machache mno mwaka mwingine, kulingana na uamuzi uliofanywa mbali naye.

Ndiyo maana ratiba ya kushika na kuachilia maji si jambo la wahandisi peke yao. Ni jambo la haki.

5. Bwawa la Thwake na sisi

Kwetu, mradi mkubwa zaidi ni Bwawa la Thwake, katika makutano ya Mto Thwake na Mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Ujenzi ulioanza 2018 unagharamiwa na Serikali ya Kenya na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ukuta wake umepangwa kuwa na kimo cha zaidi ya mita 80, na bwawa kushika maji takriban mita za ujazo milioni 680. Kazi zilizokusudiwa ni maji ya nyumbani kwa wakazi wa Makueni na Kitui, maji kwa mji wa Konza, umeme, unyunyiziaji wa mashamba, na kutuliza mafuriko ya Mto Athi.

Hesabu vizuri: hizo ni kazi tano kwa bwawa moja. Sheria ya Maji inataka serikali ya kitaifa, inapojenga mradi wa kitaifa wa maji, iwe na makubaliano na kaunti husika kuhusu ratiba ya utekelezaji na jinsi ya kuratibu kazi. Makubaliano ya namna hii yanapaswa kujibu angalau maswali matano:

Kwanza, mgawo. Maji yakipungua, nani apunguziwe kwanza: shamba, umeme, mji wa Konza au kijiji? Sheria imekwisha kusema matumizi ya nyumbani hutangulia, lakini mabomba ya kufikisha maji hayo kijijini lazima yawepo, la sivyo haki inabaki katika maandishi.

Pili, nafasi ya mafuriko. Bwawa lishuke hadi kiwango gani kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo hapa Ukambani ndizo za kutegemewa zaidi?

Tatu, maji yanayoachwa. Kiasi gani kiachiliwe kila siku kwa walio chini ya ukuta, upande wa Makueni, upande wa Kitui, na hadi pwani?

Nne, tahadhari. Malango yakifunguliwa, nani ampigie simu chifu na msimamizi wa kijiji, na saa ngapi kabla?

Tano, ubora. Mto Athi hupokea maji machafu kutoka Nairobi na viunga vyake. Kushika maji mengi bila kuyasafisha juu ya mto ni kushika pia uchafu wake. Hili Makueni hatuwezi kulimaliza peke yetu. Linahitaji kaunti za juu na serikali ya kitaifa.

6. Kwingine walifanyaje

Murang'a walikutana na swali letu kwa sura nyingine. Njia ya maji ya chini kwa chini yenye urefu wa karibu kilomita 12 ilichimbwa kuchukua maji ya Mito Maragua, Gikigie na Irati hadi Bwawa la Ndakaini, ili yaelekee Nairobi. Walioipanga walieleza kwamba yangechukuliwa maji ya mafuriko tu, na mtiririko wa kawaida ungeachwa mtoni. Wakazi wengi hawakuridhika, wakiogopa mito yao kukauka. Funzo kwetu ni hili: neno "maji ya mafuriko" halina maana mpaka lipimwe. Lazima kuwe na kipimo mtoni, namba inayojulikana na wote, na mwananchi aweze kuuliza: leo mto uko juu ya namba hiyo au chini yake?

Nchini Marekani, ambako serikali kuu hujenga mabwawa ya mafuriko na majimbo ndiyo hutoa haki za maji, mvutano kama huu ulikuwepo pia. Sheria yao ya Udhibiti wa Mafuriko ya 1944 ilitamka kwamba haki na maslahi ya majimbo katika maji yao yatambuliwe, na ikataka mipango ya mabwawa ipelekwe kwa majimbo yanayoguswa ili yatoe maoni kabla ya kuidhinishwa. Mfumo wao si wetu, kwa kuwa hapa kibali hutolewa na mamlaka ya kitaifa, si na kaunti. Lakini utaratibu unafanana: aliye na nguvu ya kujenga asikilize kwanza aliye na haki ya kutumia.

7. Miradi midogo nayo ina kanuni

Si mafuriko yote yanasubiri bwawa la mabilioni. Kwa mwethya, wakazi wa Ukambani wamechimba matuta mashambani na kujenga mabwawa ya mchanga kwa miaka mingi. Bwawa la mchanga ni ukuta wa saruji unaovuka mto wa msimu. Mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga, mbali na jua. Likijengwa vizuri, hutuliza kasi ya mafuriko na kuacha maji ya kiangazi. Lakini nalo limo ndani ya mkondo, kwa hiyo linahitaji kibali, na majirani wa chini waulizwe.

Kwa sababu hiyohiyo Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Lori linalobeba mchanga kutoka mtoni hubeba pia ghala la maji la kijiji.

Katika mji wa Makindu, barabara kuu ya Mombasa ni ya kitaifa, lakini mitaro ya ndani ya mji ni ya kaunti. Maji yanayopita chini ya barabara kwa kalvati hayajui mpaka huo. Kalvati ikielekezwa mahali ambapo mtaro wa kaunti haujafika, maji huingia dukani au shambani. Palipo na tatizo kama hilo, ripoti moja ipelekwe kwa ofisi zote mbili, ikionyesha mahali maji yanapotoka na yanapoishia.

Na usalama usipuuzwe. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai, Nakuru, na zaidi ya watu 40 wakafa. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lilizama katika Mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Kibali cha bwawa na ukaguzi wake si usumbufu wa ofisi. Na mto ukifurika kivukoni, ngoja upungue.

8. Wewe ufanye nini

a) Jiunge na chama cha watumiaji maji cha mto wenu. Sheria inavitambua vyama hivi kwa kusimamia maji pamoja na kutatua migogoro. Kama hakipo, afisa wa maji wa kaunti ndogo atawaeleza jinsi ya kukianzisha.

b) Andikisha matumizi yako. Ukiwa na pampu, mfereji au kisima kirefu bila kibali, anza ombi katika ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji iliyo karibu nawe. Weka nakala ya kila karatasi.

c) Weka rekodi. Andika tarehe mto ulipojaa, ulipokauka, na kina cha kisima chako. Daftari la miaka mitatu lina uzito mkubwa katika kikao cha umma kuliko malalamiko ya siku moja.

d) Hudhuria vikao vya ushirikishi wa umma. Maombi makubwa ya kibali na ripoti za athari kwa mazingira hutangazwa ili wananchi watoe maoni. Peleka maoni yako kwa maandishi na uombe yapigwe muhuri wa kupokewa.

e) Acha ukingo wa mto. Kanuni huweka ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na upana wa mto. Ukanda huo ndio pumzi ya mto unapofurika.

f) Usiporidhika na uamuzi kuhusu kibali, una haki ya kukata rufaa mbele ya Mahakama Maalum ya Maji. Uliza muda wa rufaa mapema, usingoje uishe.

9. Maswali ya kujipima

Yajadilini katika chama au baraza, kisha mlinganishe na majibu.

Swali la 1: Jirani amejenga ukuta katika mkondo unaokauka. Anasema si mto, kwa hiyo hahitaji kibali. Je, ni kweli?
Jibu: Si kweli. Mkondo wa msimu nao ni mkondo wa maji. Ukuta ndani yake unahitaji kibali.

Swali la 2: Bwawa la kitaifa limejengwa katika kaunti yetu. Je, kaunti ndiyo inayoamua lini malango yafunguliwe?
Jibu: Hapana. Usimamizi wa bwawa la kitaifa ni wa shirika la kitaifa. Kaunti huingia kupitia makubaliano, na kupitia kazi yake ya tahadhari ya majanga na huduma za maji. Kwa hiyo ni muhimu makubaliano hayo yaandikwe kabla bwawa halijajaa.

Swali la 3: Mwaka wa ukame, shamba kubwa lenye kibali linapiga pampu, na kijiji cha chini hakina maji ya kunywa. Kibali kinamlinda mwenye shamba?
Jibu: Si kikamilifu. Matumizi ya nyumbani hutangulia, na Mamlaka inaweza kurekebisha kibali kinachosababisha upungufu wa maji ya nyumbani. Chama cha watumiaji maji kipeleke malalamiko kwa maandishi.

Swali la 4: Kwa nini maji ya mafuriko hayaitwi "maji ya ziada" yasiyo na mwenyewe?
Jibu: Kwa sababu ndiyo yanayojaza mchanga, visima na silanga za walio chini. Kabla ya kuyashika, lazima ijulikane nani anayategemea na kwa kiasi gani.

Mvua za msimu ujao zitakuja na bwawa lililokamilika au ambalo bado linajengwa. Kabla hazijafika, wakazi wana kazi mbili: kuandikisha matumizi yenu ya maji, na kukubaliana na jirani wa juu na wa chini juu ya mto mnaoutumia pamoja. Kwa maswali zaidi kuhusu somo hili, fika katika ofisi ya wadi yako au ofisi ya maji ya kaunti ndogo, siku na saa za kazi.